Guka wako 'aliletwa'? Mfuate kwenye faili za zamani

"Huyo guka wenu si wa hapa. Aliletwa."

Sentensi hiyo fupi imevuruga mikutano mingi ya familia. Kwa kawaida humtoka ami fulani, na mara nyingi huwa ni siku ya kugawana shamba la ushago au siku ya kumpelekea chifu majina ya warithi. Wewe umekaa zako nyuma ya hema, simu mkononi, unangoja chai. Ghafla unasikia kwamba jina la ukoo ulilolibeba tangu nasari lilikuwa la kuazimwa.

Wapo wanaokasirika, na wapo wanaocheka wakidhani ni stori tu za wazee. Hata hivyo, si jambo la ajabu Mkenya kuwa na babu au nyanya ambaye hakuzaliwa katika boma lililomlea. Swali ni moja tu: ukitaka kujua ukweli, unaanzia wapi ilhali wenyewe walishafariki na hakuna aliyeandika kitabu?

Jibu ni kwamba kuna walioandika. Hawakuandika kwa sababu walimpenda guka wako. Waliandika kwa sababu ya kodi, kesi za mashamba, ubatizo na kipande. Karatasi hizo bado zipo, nyingine nyumbani kwenu, nyingine katikati ya jiji la Nairobi. Shida ni kujua jinsi ya kuzisoma.

WALILETWA NA NINI?

Kabla ya kuanza kusaka, jua kwanza ni mambo gani yaliyowahamisha watoto kutoka boma moja hadi lingine. Ukijua kilichotokea, utajua pia utafute miaka gani.

Kwanza ni njaa na maradhi. Miaka ya 1890 ilikuwa mibaya kupindukia. Sotoka iliua ng'ombe wa Wamaasai, ndui ikafuata, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaongezea msiba. Familia nyingi za Kimaasai zilikimbilia kwa Wakikuyu, na baadhi zikawaacha watoto na wanawake huko ili zipate chakula. Kati ya 1898 na 1900 njaa kubwa ikawapiga Wakamba na Wakikuyu wenyewe. Watoto wakawekwa kwa majirani waliokuwa na nafaka, kwa ahadi kwamba watakombolewa mvua ikirudi. Wengine walikombolewa. Wengine wakakua, wakatahiriwa huko, wakaoa, na leo wajukuu wao wanazungumza lugha ya boma lililowapokea.

Pili ni utumwa. Pwani, meli za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini. Mnamo 1875, Church Missionary Society, shirika la wamishenari Waanglikana, lilianzisha kijiji cha Freretown karibu na Mombasa ili kuwapokea watu hao. Wengi walikuwa watoto wa Kiyao, Kimakua na Kinyasa waliotekwa katika nchi ambazo leo ni Malawi, Msumbiji na kusini mwa Tanzania. Walilelewa na misheni, wakabatizwa na kupewa majina mapya. Ukipita Kengeleni, upande wa Nyali, jina hilo la kituo linatokana na kengele ya watu hao.

Tatu ni vita na Hali ya Hatari ya 1952 hadi 1960. Wazazi walifungwa, waliuawa au walihamishwa, na watoto wakabaki na yeyote aliyekuwa karibu. Nne ni mambo ya kawaida ya maisha, ambayo ndiyo yanayozungumzwa kidogo zaidi: mjane aliyeolewa tena akaja na mtoto mgongoni, msichana aliyezaa kabla ya ndoa na mtoto akabaki kwa shosho, au boma lisilo na mtoto wa kiume lililompokea wa ndugu.

Pia kuna mila ambazo karani wa serikali hakuzielewa kabisa. Kwa Wanandi na Wakipsigis, kwa mfano, mwanamke asiye na mwana aliweza kumwoa mwanamke mwingine ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Mnamo 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliitambua ndoa ya aina hiyo katika kesi ya urithi. Mtoto wa nyumba kama hiyo huwa na "baba" kwenye karatasi ambaye hakumzaa, na kijijini hakuna aliyewahi kuona kwamba hilo ni kasoro.

MBONA HAKUNA CHETI?

Kijana wa leo akisikia kuasili mtoto, anafikiria hakimu, wakili na cheti chenye muhuri. Kwa guka aliyezaliwa 1920, sahau. Usajili wa kuzaliwa ulianza mwanzoni mwa karne ya 20 ukiwalenga Wazungu, kisha Waasia. Kwa Waafrika, usajili wa lazima ulipanuliwa wilaya baada ya wilaya kuanzia miaka ya 1960, na ulienea nchi nzima 1971. Basi kukosa cheti cha kuzaliwa cha guka hakuthibitishi chochote. Karibu kila mtu wa rika lake hakuwa nacho.

Kuasili kulifanywa kwa mila, na kulikuwa na kanuni zake. Kwa Wakikuyu palikuwa na sherehe ambapo mgeni "alizaliwa upya" ndani ya mbari, akachinjiwa mnyama mbele ya mashahidi. Mtu huyo aliitwa muciarwa, yaani aliyezaliwa, na hakuwa sawa na muhoi, ambaye aliomba tu mahali pa kulima na angeweza kuambiwa aondoke. Kwa Wajaluo, jadak alikuwa mgeni aliyekaa kwenye ardhi ya ukoo wa wengine, na jina hilo hadi leo linaweza kuwasha moto kwenye mkutano.

Tofauti ya maneno hayo ndiyo moyo wa jambo lote. Ami anaposema guka "aliletwa", muulize kwa upole: aliletwa kama nani? Kama mtu wa kulima akaenda zake, au kama mwana? Karatasi za zamani zinaweza kukujibu.

ANZIA KWENYE SANDUKU LA SHOSHO

Usikimbilie mjini. Hazina ya kwanza iko chini ya kitanda cha shosho, ndani ya lile sanduku la bati lenye harufu ya nondo. Omba ruhusa, keti naye, mfungue pamoja.

Tafuta kipande. Sheria ya kipande ilitungwa 1915, na ilipoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanaume Waafrika walilazimishwa kutembea na karatasi hiyo ndani ya kikasha cha chuma shingoni. Ilionyesha jina, kabila, alikotoka, alama za vidole na waajiri wake. Mara nyingine kabila lililoandikwa humo halilingani na lile mnalojiita leo. Usitupe tofauti hiyo. Huo ni uzi wa kuvuta.

Tafuta pia risiti za kodi, kadi ya ubatizo, cheti cha shule, barua za kazi, na karatasi yoyote ya shamba. Piga picha kila kitu, mbele na nyuma, kwa sababu mara nyingi la muhimu limeandikwa nyuma kwa penseli.

Kisha uliza majina. Katika jamii kama ya Wakikuyu, watoto hupewa majina ya babu na nyanya zao kwa mpangilio: mwana wa kwanza jina la babake baba, wa pili jina la babake mama. Andika majina ya ndugu zote wa guka na ya watoto wake wote. Ukikuta mwanawe wa kwanza hakuitwa jina la mzee aliyemlea, uliza kwa nini. Huenda guka alimrudisha baba yake mzazi kimyakimya kwa njia ya jina. Vilevile jina kama Mukabi, Mmaasai kwa Kikuyu, linaweza kuwa dalili ya asili, lakini usiruke haraka. Kwa kuwa majina hurithiwa, huenda Mmaasai huyo aliingia vizazi vinne kabla ya guka.

Uliza pia alitahiriwa na rika gani. Wazee wengi hawajui mwaka, ila rika hawasahau. Rika la Mutung'u, kwa mfano, linahusishwa na ndui ya miaka ya 1890. Ukiwa na rika, una miaka ya kutafutia.

Angalizo: rekodi sauti kwa ruhusa pekee. Na ukiona shosho amenyamaza, nyamaza nawe. Mletee majani ya chai, urudi wiki ijayo.

DAFTARI LA PAROKIA

Kituo cha pili ni kanisani. Parokia kongwe za Kikatoliki, Kianglikana na za misheni nyingine ziliweka madaftari ya ubatizo na ndoa kabla ya serikali kuwajali Waafrika. Humo utapata jina la zamani, jina jipya, tarehe, jina la baba na mara nyingi majina ya wasimamizi.

Watu huangalia jina la baba wakafunga daftari. Usifanye hivyo. Angalia wasimamizi. Mtoto aliyepoteza wazazi mara nyingi alisimamiwa na mtu wa nyumba iliyompokea au mtu wa kijiji alikotoka. Angalia pia walioandikwa kabla na baada yake siku hiyo hiyo, maana watoto wa familia moja mara nyingi walibatizwa pamoja.

Kwa Waislamu njia ni tofauti kidogo. Dini haimruhusu mlezi kufuta nasaba ya mtoto, kwa hiyo mtoto wa kulea hubaki na jina la baba yake mzazi. Kwa mtafutaji huo ni msaada mkubwa, kwani jina lenyewe linaweza kukurudisha kwenye asili. Mtoto huyo harithi kwa damu, ila mlezi anaweza kumwachia wasia usiozidi theluthi ya mali. Kwa hiyo Pwani tafuta nyaraka za wasia na za wakfu, pamoja na kesi za Mahakama ya Kadhi. Kuna pia madai ya ardhi yaliyowasilishwa chini ya sheria ya hatimiliki ya 1908, ambapo watu wa Pwani walilazimika kujieleza ni nani na wamepataje kiwanja. Siku hizi malezi ya Kiislamu, yaani kafala, yanatambuliwa na Sheria ya Watoto ya 2022.

KORTINI, WATU WALISEMA YOTE

Sasa tufike kwenye utamu. Hakuna mahali ambapo familia husema siri zake kama kortini. Mtu ambaye hangetamka nyumbani kwamba ndugu yake ni wa kulea, alitamka mbele ya wazee wa baraza akitaka ekari mbili. Na karani aliandika.

Tangu enzi za ukoloni, kesi za mila na ardhi za Waafrika zilisikilizwa na mabaraza ya wenyeji, yaliyopangwa upya kwa sheria ya 1930. Mnamo 1951 yakageuzwa kuwa mahakama za Waafrika, na sheria ya 1967 ikaunganisha mfumo huo na mahakama za kawaida za mahakimu. Aliyeshindwa kwenye baraza la enzi ya 1930 aliweza kukata rufaa kwa mkuu wa wilaya, kisha kwa mkuu wa mkoa. Ndiyo maana kesi ya shamba la babu wa babu yako inaweza kulala ndani ya faili za utawala, wala si za mahakama.

Faili hizo nyingi ziko katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, lile jengo la kale lililokuwa la Bank of India kwenye barabara ya Moi Avenue, Nairobi, mkabala na sanamu ya Tom Mboya. Vijana huipita kila siku wakikimbilia matatu. Wachache wanajua kwamba taasisi hiyo iliundwa kisheria 1965 na kwamba mwananchi wa kawaida anaweza kuingia akasoma. Nenda na kitambulisho, ujisajili kama mtafiti kwa ada ndogo, kisha uwaeleze wahudumu unatafuta wilaya gani na miaka gani. Faili za serikali kwa kawaida hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30.

Faili zimepangwa kwa herufi. DC ni za wakuu wa wilaya, PC ni za wakuu wa mikoa, na herufi zinazofuata huonyesha mahali. FH ni Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a; NZA ni Nyanza. Kwa hiyo kabla ya kwenda, jua eneo lenu liliitwaje enzi hizo. Ukiitisha Murang'a ya 1935, unachotaka kiko Fort Hall.

Ukiwa Mkikuyu, au ukitoka maeneo yaliyogombaniwa na walowezi, omba pia ripoti ya Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Sir Morris Carter. Ilitoka 1934, ikiambatana na juzuu tatu za ushahidi. Koo zilifika mbele ya tume hiyo na kueleza zilivyopata ardhi, na ndani yake kuna maelezo ya jinsi Wakikuyu na Waathi, waliojulikana pia kama Wandorobo, walivyofanyiana sherehe za kuwa ndugu kabla ya kuuziana msitu. Guka wako huenda hatajwi, lakini mbari yake inaweza kuwa humo.

SOMA KAMA MPELELEZI

Kupata faili ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuisoma vizuri.

Kwanza, tahajia. Karani aliandika alichosikia. Jina moja linaweza kuandikwa kwa namna tatu ndani ya kesi moja, C badala ya K, L badala ya R. Tamka jina kwa sauti kabla ya kuamua si lenyewe.

Pili, angalia "wa". Kamau wa Njoroge, au kwa mtindo wa makarani wa Kiingereza, Kamau s/o Njoroge. Herufi hizo zinakuambia Kamau alijulikana kama mwana wa nani mbele ya umma. Hazikuambii nani alimzaa. Ukikuta guka ameandikwa "wa" fulani kwenye kipande na "wa" mwingine kortini, usiseme mojawapo ni uongo. Huenda umempata baba mzazi na baba mlezi kwa mpigo.

Tatu, kumbuka ni nani anayesema. Mshtaki anayetaka shamba ana sababu ya kusema mwenzake ni mgeni, na mshtakiwa ana sababu ya kukana. Mpe uzito shahidi ambaye hapati chochote: mzee wa jirani, aliyechinja mnyama, aliyelipwa mbuzi.

Nne, fuata mali kuliko maneno. Nani alimlipia guka mahari alipooa? Nani alipokea mahari binti zake walipoolewa? Alizikwa wapi? Alipewa sehemu ya ardhi wakati wa kupima mashamba miaka ya 1950 na 1960, na kwa jina gani? Ofisi ya ardhi ya kaunti inaweza kukuonyesha kumbukumbu za usajili wa kwanza wa shamba ukiwa na namba yake. Mwana huhesabiwa kwa vitendo. Ukoo uliomlipia mahari na kumkatia shamba ulikuwa umeshasema neno lake.

Tano, pekua Gazeti Rasmi la Serikali. Lilianza 1899, na matoleo mengi ya zamani yanasomeka bure mtandaoni, hata kwenye simu. Humo hutangazwa maombi ya kusimamia mali za marehemu, na pia watu waliobadilisha majina kisheria. Anza na jina la mzee aliyemlea guka. Kama mali yake ilipitia kortini, tangazo litakupa namba ya kesi, na ndani ya faili ya kesi kuna orodha ya waliotajwa kuwa warithi.

NJIA YA FRERETOWN

Kama asili yenu ni Freretown, Rabai au Ribe, una bahati ya kipekee: wamishenari waliandika kupita kiasi. Barua na ripoti za Church Missionary Society zimehifadhiwa katika maktaba ya utafiti ya Cadbury, Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Huku nyumbani, Rabai kuna makumbusho ya Krapf, na makanisa ya kale ya Pwani yana madaftari yao.

Kuna pia karatasi za uhuru. Mwanzoni mwa 1889, George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa alipanga malipo kwa mabwana ili zaidi ya watoro 1,400 waliokuwa wamejificha Rabai na misheni za karibu wapewe hati za uhuru. Na sheria ya 1907 ilipofuta utumwa Pwani ya Kenya, mabwana walikwenda kudai fidia, wakilazimika kutaja walimdai nani. Inauma kumkuta bibi wa bibi yako kwenye orodha ya mali ya mtu. Lakini huenda ndipo mahali pekee jina lake lilipoandikwa.

Kama unataka kusikia sauti ya watu hao wenyewe, tafuta Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa 1934. Mwandishi alikuwa mtoto wa jamii hiyo, akisimulia safari ya kizazi cha baba yake kutoka utekwaji hadi Freretown.

KAMA ALIASILIWA NA MAHAKAMA

Baadhi ya familia zina mtu aliyeasiliwa rasmi. Sheria ya zamani ya kuasili, Sura ya 143, ilifutwa na Sheria ya Watoto ya 2001, ambayo nayo nafasi yake ilichukuliwa na ile ya 2022. Hapa mlango ni mwembamba. Msajili Mkuu huweka rejista ya watoto walioasiliwa, na cheti kinachotoka humo huonyesha wazazi walioasili. Kumbukumbu zinazounganisha rejista hiyo na ile ya kuzaliwa hazifunguliwi kwa mtu anayepita tu dirishani. Unahitaji amri ya mahakama, na lazima ueleze kwa nini.

Hukumu za kuasili utazipata pia kwenye tovuti ya Kenya Law, ila majina hufichwa kwa herufi za kwanza. Usijaribu kuyafumbua kisha uyatupe kwenye TikTok. Kuna mama mahali fulani ambaye aliahidiwa siri.

VIPI KUHUSU SHAMBA?

Turudi kwa ami. Tuseme umethibitisha kwamba guka alilelewa tu. Je, mmepoteza?

Hapana, si hivyo hivyo tu. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981, inasema kuwa mtoto wa mwanamume ni pamoja na yule aliyemkubali kama wake, au aliyejitwika jukumu lake la kudumu kwa hiari. Pia inawataja watoto ambao marehemu aliwachukua katika familia kama wake, iwapo alikuwa akiwatunza hadi kifo chake, kuwa wanaoweza kudai kutunzwa kutoka kwa mali. Sheria hiyo haikudai damu peke yake.

Tatizo ni tarehe. Kama mzee aliyemlea guka alikufa kabla ya Julai 1981, haki za warithi huamuliwa kwa sheria na mila zilizokuwapo siku alipokufa, hata kama kesi inaendeshwa leo. Hapo ndipo karatasi zako zinapogeuka dhahabu. Sherehe ya kumpokea, mahari iliyolipwa, shamba alilokatiwa, ushahidi kwenye baraza la 1938: hayo ndiyo yanayotofautisha mwana na mpangaji. Beba nakala zilizothibitishwa umpelekee wakili, usibishane matangani.

Na DNA? Kipimo kinaweza kuonyesha kama watu wawili wana uhusiano wa damu, na mahakama zetu huagiza vipimo hivyo katika kesi fulani. Lakini kipimo hakijui nani alimfunika guka blanketi mwaka wa njaa. Ukipima kwanza kabla ya kusoma karatasi, unaweza kumpa ami jibu la swali ambalo sheria haikuuliza.

KABLA HUJAFUNGUA FAILI

Jiandae kwa mambo mawili. Moja, huenda usipate kitu. Mchwa, mafuriko na moto vimekula karatasi nyingi, na wakoloni walipoondoka walichoma nyingine na kuficha nyingine Uingereza, siri iliyofichuka 2011 wakati wazee wa Mau Mau walipokuwa kortini London. Mbili, huenda ukapata usichokitaka: guka aliyeuzwa kwa debe la mtama, nyanya aliyeachwa na mama aliyekuwa hai. Amua mapema utamwambia nani, na mwambie aliye hai kwanza kabla ya kundi la WhatsApp la familia.

Wengi huanza safari hii wakitafuta damu. Wanataka kabila la "kweli", jina la "kweli". Karatasi za zamani ni bahili sana kwa swali hilo. Kile zinachokionyesha vizuri, faili baada ya faili, ni kwamba siku fulani mtu alisimama mbele ya wazee, mbele ya padri au mbele ya karani, akamwelekezea kidole mtoto asiye wake na kusema, huyu ni wangu. Akamwandikisha, akamlipia, akamkatia ardhi.

Kwa hiyo ami akisema tena kwamba guka aliletwa, usipandishe. Mwambie ndiyo, kisha umwonyeshe jina la aliyempokea.